Mkia wa Kitenzi

Bibi Nazaria hasimulii mikono ikiwa mitupu.
Lazima iwe na muhogo, lazima kikwaruzo kikwaruze,
nami nimejifunza kuweka kinasa sauti
mbali na beseni, juu ya gunia la chumvi,
maana mara ya kwanza nilirudi na saa mbili za kwaru-kwaru
na sauti yake kwa chini,
kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Ati Tapiri aliazima njia kwa Sisimizi.
Ati aliahidi kuirudisha kabla ya mvua.
Ati mvua ikanyesha, njia ikalala chini ya maji,
ati hadi leo Sisimizi wanaitafuta,
wamebeba majani, wakidhani ndiyo ramani."

Ati, ati, ati.
Katika lugha yetu si neno, ni mkia:
silabi moja nyuma ya kitenzi,
fupi kama kupepesa jicho. Inasema,
sikuwapo, niliambiwa, na aliyeniambia aliambiwa.
Upo mkia mwingine, wa niliyoyaona.
Upo wa tatu, wa nyayo kwenye matope:
nguruwe sikumwona, lakini alipita hapa.
Mtoto akichanganya mikia haitwi mwongo.
Anaambiwa tu, "Rudi ukaangalie."

Siku ile betri ilikuwa imebakiwa na alama moja.
Tapiri alikuwa ameshameza kona zote za njia,
tumbo limejaa mizunguko, hawezi kulala,
na mimi nilikuwa nacheka kimyakimya nisiharibu sauti.
"Ati watoto wa Sisimizi walichukuliwa
wakavushwa maporomoko, kwenda shule ya mapadri.
Walipangwa mstari. Walipewa majina mapya.
Aliyetamka neno la kwao
alisuguliwa ulimi kwa sabuni ya kufulia, ile ya buluu.
Laureano alitapika povu mpaka jioni.
Asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa."

Nilingoja mkia wa kusikia. Haukuja.
Ulikuja ule wa macho,
mara tano, mstari baada ya mstari.
Kikwaruzo kimya. Kwenye kanda hapo
utasikia jogoo, kisha injini ya mtumbwi
ikipita mbali, ikipinda, ikipotea.
Miaka thelathini na minne nimekuwa mjukuu wake:
sikujua kwamba aliwahi kuwa na kaka.

"Ati Tapiri akaumwa na tumbo," akasema,
na muhogo ukaendelea.

Tulipeleka kurasa Manaus:
kushoto lugha yetu, kulia Kireno.
Zilirudi na kalamu nyekundu. Kila "ati" imekatwa.
*Marudio*, wameandika pembeni, kwa mwandiko mzuri.
*Yanamchosha msomaji. Ondoeni na upande wa kushoto,
kitabu kipungue, gharama ipungue.*

Nililala nazo kifuani, kwenye machela, bila usingizi.
Kisha nikawasha kibatari nikazirudisha,
moja moja, kama anayetoa mchanga kwenye mchele,
ila mimi nilikuwa narudisha mchanga.
Mia mbili na kumi na moja.
Kwenye ile mistari mitano sikugusa kitu.
Waliikuta haina "ati" la kukata;
hawakuuliza kwa nini.

Kitabu bado. Wanasema Agosti.
Lakini jana Edilene, wa dada yangu, ana miaka mitano,
alisimama mbele ya wenzake kando ya tanuri la muhogo
akaianza hadithi tangu mwanzo,
na kila kitenzi alikipa mkia wa macho.
Tapiri aliazima njia: nilimwona.
Alimeza kona: niliziona.
Watoto walicheka hadi mmoja akaketi kwenye majivu.

Nilifungua kinywa nimsahihishe.
Bibi akanitazama, nikakifunga.
"Wapi?" akamuuliza mtoto.
Edilene akachongoa midomo kuelekea mtoni.
"Haya," Bibi akasema, akiupapasa muhogo kutafuta uliooza.
"Na tumbo lake, lilikuwa bado limevimba?"